Nauli ya Kwenda Karakana

Mnyororo wa pikipiki ulikatika kabla hatujaiona hata nyumba moja ya Mabwerebwere. Dereva hakulalamika. Aliisukuma pikipiki hadi kwenye kivuli cha mwembe, akainua kiti, akatoa kifurushi cha kitambaa chenye spana, koleo, bisibisi na vipande vya mnyororo wa zamani. Akaokota jiwe bapa likawa fuawe, jingine likawa nyundo, akagonga pini mpaka ikaingia. Mikono ilikuwa inakwenda yenyewe huku yeye akinisimulia bei ya mpunga.

“Umesomea wapi ufundi?” nikamuuliza.

“Gereji, Kilosa mjini. Nilikuwa saidia fundi. Unashika tochi karibu mwaka mzima ndipo unashikishwa spana.”

“Na cheti?”

Akauzungusha mnyororo kwa kidole, ukaenda bila kukwama. “Cheti si hiki hapa, kaka? Panda twende.”

Mabwerebwere ni kata ya Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, na kwa ubunge imo katika Jimbo la Mikumi. Ni nchi ya jembe na ng'ombe. Wenyeji Wasagara wanaishi na watu waliokuja kutafuta ardhi, malisho au kazi ya mashamba ya mkonge yaliyoipa Kilosa umaarufu zama za ukoloni. Kiangazi vumbi linakuingia mpaka kwenye kope. Masika ni habari nyingine. Kilosa inaujua ubaya wa maji: mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalizoa nyumba na kuing'oa Reli ya Kati. Katika nchi ya namna hii umbali hauhesabiwi kwa kilomita peke yake. Huhesabiwa pia kwa mwezi wa safari.

Nilikuwa nimekuja kuuliza swali moja. Serikali imeamua kwamba mtoto wa sekondari anaweza kuchagua mkondo wa amali, yaani asome masomo ya darasani pamoja na fani ya kazi. Je, kwa mtoto wa kata kama hii, hiyo fani ataisomea wapi?

Ufundi wenyewe haukunipa tabu kuuona. Penye maduka palikuwa na fundi baiskeli aliyeziba pancha kwa kipande cha tyubu na gundi, fundi simu aliyeegemeza meza yake kwenye nguzo, na seremala aliyekuwa akipiga randa ubao wa kitanda. Mashine ya kukoboa mpunga ilikuwa inanguruma, ikanyamaza ghafla, na watu watatu wakaizunguka wakitoa maoni kama madaktari. Kando yake palikuwa na pawatila iliyofunguliwa injini. Mwenyewe alisema inasubiri kifaa kutoka mjini, na kikishafika itasubiri fundi, naye ana foleni yake.

Barazani palikuwa na mama wa makamo na cherehani ya kukanyaga, na wasichana wawili chini kwenye mkeka, kila mmoja na mkasi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu. Unashona au unauliza?”

Nilikuwa nauliza. Alinieleza kwamba mwanafunzi wake huanza kukata karatasi ya mfuko wa saruji, kwa sababu kitambaa ni mali ya mteja na karatasi haina mwenyewe. Akishaweza kukata shingo bila kuikosea, huruhusiwa kushona gauni la mtoto mdogo. Mitihani haipo, mama huishika nguo, akaigeuza ndani nje, akaitazama mishono, na mwanafunzi hulisoma jibu usoni mwake. Mmoja wa wale wasichana amemaliza kidato cha nne. Alitaka kusomea mapishi ya hoteli. “Mikumi si ndiko kuna hoteli za watalii?” alisema. “Lakini Mikumi utakaa kwa nani?”

Swali hilo nimelibeba safari nzima.

Mwalimu wa sekondari niliyezungumza naye, kijana aliyevaa shati jeupe lenye chaki kwenye mfuko, alikuwa na hesabu zake kichwani. “Watu wanadhani shida ni hela ya kujenga karakana,” alisema. “Tuseme tumejengewa. Umeme kwa vitendo unataka bodi za kufanyia mazoezi, nyaya, swichi, vipimo, na mwalimu ambaye kazi ameifanya, hakuisoma tu. Haya, vyote vimekuja. Wanaosoma umeme hapa watakuwa wangapi? Watatumia chumba siku mbili kwa wiki. Siku zilizobaki mlango umefungwa, popo wanaingia. Na kata ya jirani nao wanajengewa chao, nacho kinafungwa.”

Sera inayomfanya apige hesabu hizo ni ya juzi tu. Mwanzoni mwa 2025, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023. Kwa sera hiyo elimu ya lazima ni miaka 10, na sekondari ina mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Mitaala mipya ilikuwa imekwisha kuanza kutumika Januari 2024, na mkondo wa amali ulianza na shule chache. Anayemaliza mkondo huo anatakiwa kutoka na ushahidi wa aina mbili: matokeo ya kidato cha nne ya Baraza la Mitihani, na umahiri wa fani unaotambuliwa na NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi.

Wazee hawakushangazwa na sera hiyo. Wanaikumbuka Elimu ya Kujitegemea ya 1967 na mashamba yake ya shule. Wanaikumbuka pia michepuo iliyofuata, sekondari moja ikawa ya kilimo, nyingine ya biashara, nyingine ya ufundi, nyingine ya sayansi kimu. Michepuo ile ilianza na vifaa vipya. Randa zikaisha makali, tupa zikalainika, fungu la kununua nyingine likakosekana, na vyumba vingi vikageuka stoo au madarasa. Upande wa pili zilikuwapo shule za ufundi za bweni, kama Ifunda, Moshi, Tanga, Mtwara na Bwiru, ambako mtoto alifuata karakana hata kama iko mkoa wa mbali. Zilitoa mafundi na wahandisi wa kweli, lakini nafasi zilikuwa za wachache waliochaguliwa nchi nzima.

Kwa hiyo taifa limejaribu kuipeleka karakana kwa kila mtoto, na limejaribu kumpeleka mtoto mmoja mmoja kwenye karakana ya mbali. Njia ya katikati ndiyo haijakanyagwa sana: shule kadhaa za eneo moja, kila moja na wanafunzi wake, zitumie karakana moja kwa zamu, na gharama zigawanywe.

Huko Marekani, Jimbo la New York lilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1948. Wilaya ndogo za shule za vijijini, ambazo hakuna hata moja iliyoweza peke yake kuajiri mwalimu wa uchomeleaji au wa mashine, ziliruhusiwa kuunda bodi ya pamoja inayojulikana kwa kifupi BOCES. Leo zipo 37. Mwanafunzi habadilishi shule. Nusu ya siku husoma hisabati na lugha kwao, nusu nyingine yuko kwenye kituo cha pamoja akifungua injini au akijifunza kumhudumia mgonjwa. Kila wilaya huchangia kulingana na inavyotumia huduma, na jimbo hurudisha sehemu ya fedha. Wanaousifu mpango huo huzungumzia mashine na walimu. Mimi naona nguzo yake ni kitu kisichopigwa picha: lile basi la njano linalomchukua mtoto shuleni kwake na kumrudisha, bila mzazi kuulizwa nauli.

Kilosa, ukiiangalia kwa macho hayo, si wilaya maskini kwa mafunzo. Ilonga pana kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanza mwaka 1943, ambacho sasa ni TARI Ilonga. Jirani yake kuna MATI Ilonga, chuo cha kilimo, na chuo cha ualimu. Kilosa mjini kuna chuo cha afya. Wakala wa Mbegu za Kilimo, ASA, ana mashamba Msimba na Kilangali. Kusini, kwenye Bonde la Ruaha Mkuu, kuna kiwanda cha sukari na maelfu ya wakulima wa miwa wanaokiuzia. Mikumi kuna chuo cha ufundi stadi cha VETA na hifadhi ya taifa. Reli ya SGR imepita Kilosa ikaingia milimani kwa mahandaki, na tangu katikati ya 2024 treni za umeme zinapita hapo kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Ukitaka mkoa mzima, ongeza VETA Kihonda katika Manispaa ya Morogoro, na Dakawa, ambako wapigania uhuru wa ANC wa Afrika Kusini waliishi uhamishoni na kuacha majengo walipokabidhi makazi yao kwa Tanzania mwaka 1992. Dakawa nayo leo ina VETA.

Sasa tazama milango. Sekondari ya kata iko chini ya halmashauri, na halmashauri iko TAMISEMI, ofisi ya serikali za mitaa. VETA iko Wizara ya Elimu. MATI, TARI na ASA ziko Kilimo. Chuo cha afya kiko Afya. Hifadhi iko Maliasili na Utalii, na reli iko Uchukuzi. Kila mlango una bajeti yake, mkaguzi wake na taarifa yake ya robo mwaka. Mkuu wa shule anayetaka wanafunzi wake 20 wa kilimo wakae wiki moja Ilonga hakatazwi na mtu. Ataandika barua, na barua itajibiwa vizuri. Kitakachomshinda ni fungu: safari hiyo haimo katika bajeti ya shule, wala ya chuo, wala ya halmashauri. Mara nyingi huishia kuwa ziara ya siku moja, wanafunzi wanapiga picha mbele ya trekta na kurudi.

Nilitoka Mabwerebwere kuelekea Mikumi nikipitia kata ya Ulaya. Mikumi inakupokea kwa harufu ya dizeli na nyama choma. Barabara kuu ya Tanzania na Zambia inapita katikati, na malori ya Tunduma, Lusaka na Lubumbashi yanasimama hapo kabla au baada ya kuikata hifadhi, kilomita 50 za barabara yenye matuta na mabango ya kukumbusha kwamba twiga ana haki ya kuvuka. Hifadhi ilianzishwa 1964 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Gereji zimepangana na migahawa, migahawa imepangana na nyumba za wageni. Mji mzima ni darasa kwa mtu aliyetaka kujifunza injini, umeme wa magari, mapishi, kuongoza wageni au kutengeneza matairi.

Vijana wenye ovaroli za bluu walikuwa wakirudi kutoka chuoni jioni. Mmoja alitoka kata za upande wa bonde, huko nilikotoka, tukawa na la kuongea. Anasomea umeme wa majumbani. Hakupata nafasi ya bweni, akapanga chumba na wenzake wawili, wanakiita geto. Ndani mlikuwa na magodoro mawili kwa watu watatu, jiko la mkaa, ndoo na kamba ya nguo.

Ada ya VETA, ambayo ina ruzuku ya serikali, inafahamika: shilingi 60,000 kwa mwaka kwa kutwa na 120,000 kwa bweni. “Ada mjomba aliilipa siku moja,” alisema. “Kinachotumaliza ni kula. Na kodi. Na vifaa vya mazoezi. Na nauli nikiitwa nyumbani. Baba aliuza gunia la mpunga, akauza la pili, sasa ananiambia subiri mavuno.” Wenzao wawili walioanza nao, akaongeza, hawakurudi baada ya likizo. Hawakushindwa masomo.

Nikamuuliza kuhusu wasichana wa kwao. Akafikiri kidogo. “Wapo wa bweni. Lakini wa kupanga geto Mikumi? Baba yupi atakubali?”

Hapo nikamwelewa yule binti wa barazani. Mji wa malori una sifa zake, na mzazi wa Mabwerebwere anazijua. Mvulana akikosa bweni hupanga chumba na kusota. Msichana akikosa bweni mara nyingi hukosa chuo. Umbali ule ule, nauli ile ile, lakini mizani yake haiko sawa. Kwa hiyo kila mpango wa karakana ya pamoja unaosema “wanafunzi watajitegemea kwa malazi” umekwisha kuchagua ni nani atakayesoma.

Serikali haijakaa bure. Sheria ya VETA ni ya 1994, na dhamira ya sasa ni kila wilaya iwe na chuo chake. Vyuo 64 vya wilaya, pamoja na cha Mkoa wa Songwe, viliingizwa katika ujenzi kwa wilaya zilizokuwa hazina. Ni hatua kubwa. Lakini Kilosa inayo VETA siku nyingi, na ndiyo maana inafaa kutazamwa na wilaya zinazosubiri majengo. Inawaonyesha maisha yatakavyokuwa baada ya utepe kukatwa. Chuo kipo ndani ya wilaya, na bado mtoto wa kata ya bondeni anakihesabu kuwa cha ugenini. Hata baada ya Gairo kumegwa kutoka Kilosa mwaka 2012, wilaya iliyobaki mtu hawezi kuizunguka kwa siku moja na akarudi kulala kwake.

Nimejaribu kupanga na watu niliokutana nao jinsi ushirikiano ungekuwa, na jambo la kwanza waliloliona wao ni kalenda. Mafunzo ya karakana yasipangwe kwa nusu siku kama New York, kwa kuwa hapa hakuna basi la asubuhi na jioni. Yapangwe kwa vipindi vya wiki kadhaa mfululizo, wakati wa kiangazi njia zikiwa kavu na baada ya mavuno nyumbani kukiwa na chakula. Shule tatu au nne zipokezane: hii ikiwa Mikumi, nyingine zinasoma nadharia kwao. Malazi yawe sehemu ya makubaliano, na nafasi za wasichana zitengwe kwanza.

La pili, mwalimu husafiri kwa gharama ndogo kuliko darasa. Mkufunzi mmoja na sanduku la vifaa akikaa Mabwerebwere kwa wiki chache anaweza kufundisha umeme wa jua, cherehani na injini ndogo bila mtoto yeyote kuhama. Akiwa huko anaweza pia kuwapima mafundi waliopo. Utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi upo tayari; VETA huutumia, na kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu maelfu ya mafundi wa mitaani nchini wamepata vyeti kwa njia hiyo. Dereva wa bodaboda anayeunga mnyororo kwa mawe mawili hahitaji kuanza upya somo la spana. Anahitaji mtu wa kumpima, kumjazia mapengo, na kumpa karatasi atakayoipeleka kiwandani au kwenye mradi, ambako mlinzi wa getini haulizi mikono yako inajua nini.

La tatu ni fedha, na hapo watu walishusha sauti ingawa hakuna siri. Waajiri binafsi wenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo mwaka 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 ya mishahara hadi 3.5. Mishahara inayolipwa Kilosa, ya kiwandani na ya miradi mikubwa, imo katika hesabu hiyo. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mkopo wa mashine unampata anayejua kuitumia. Anayekwama kabla ya hapo, kwenye nauli na chakula cha wiki sita, haonekani katika fungu lolote.

Vikao vya kuyaamua haya havihitaji kubuniwa. Baraza la madiwani linakaa, Kamati ya Ushauri ya Wilaya inakaa, na ya mkoa, ambamo halmashauri zote za Morogoro zinakutana, nayo inakaa. Agenda za elimu humo huwa ni madarasa, madawati, vyoo na ufaulu. Iongezwe moja yenye majibu yanayohesabika: ni wanafunzi wangapi wa halmashauri hii wametumia karakana isiyo ya shule yao mwaka huu, kutoka kata zipi, wasichana wangapi, na nani amelipa. Diwani wa Mabwerebwere akipewa jedwali hilo kila robo mwaka, hatahitaji semina ya ushirikiano. Atauliza kwa nini kata yake ina sifuri, na mkurugenzi atalazimika kumjibu kwa kutaja fungu.

Nauli ya kwenda Mikumi na kurudi, mahali pa kulala na sahani ya ugali ni gharama ndogo ukilinganisha na karakana moja itakayofungwa siku tatu kwa wiki. Tofauti ni kwamba karakana huwekewa jiwe la msingi, na nauli haiwekewi. Halmashauri itakayothubutu kuiandika nauli kwenye bajeti kabla ya jengo jipya itakuwa imeanza mkondo wa amali kwa watoto wake wote, wa mjini na wa bondeni.